Starehe 2017: mgombea aliyekataa kutoa kitu

Jengo la Bunge la Kenya limo ndani ya eneo bunge la Starehe. Watu wa Nairobi hulipita kila siku bila kulifikiria hilo: mbunge wa Starehe anaweza kutembea kwa miguu kutoka kwa wapiga kura wake hadi kazini na asivuke mpaka wowote. Wadi ni sita: Nairobi Central, ambayo ndiyo katikati ya jiji, kisha Ngara, Pangani, Ziwani/Kariokor, Landimawe na Nairobi South. Mchana eneo hili hufurika mawakili, makarani, wachuuzi, wanafunzi wa vyuo na makanga. Jioni matatu huubeba umati huo kuurudisha Kasarani, Embakasi, Rongai na Kitengela. Wanaobaki kulala ndio wengi wa wenye kura.

Mwaka 2017 Boniface Mwangi aliomba kura hapo, na tangu siku hizo kisa chake husimuliwa kama hadithi ya mwanaharakati msafi aliyeangushwa na wapiga kura wenye tamaa. Nimesikia masimulizi hayo hadi yamenichosha. Kilichotokea Starehe kina mafunzo mengi kuliko hapo, na sehemu kubwa inahusu swali ambalo wagombea wetu hulikwepa: kazi ya mbunge ni nini hasa?

Tuanze na mtu mwenyewe. Mwangi alikuwa mpiga picha wa gazeti la The Standard wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Picha alizopiga zilimbadilisha. Tarehe 1 Juni 2009, Sikukuu ya Madaraka, alisimama uwanjani Nyayo akamkatiza Rais Kibaki kwa kelele, akabebwa juujuu na walinzi. Mwaka huohuo alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyozunguka nchi nzima yakiwaonyesha watu picha za yale waliyotendeana. Mei 2013, wabunge wapya walipodai warudishiwe mshahara wa shilingi 851,000 kwa mwezi badala ya 532,500 uliowekwa na Tume ya Mishahara, yeye na wenzake walipeleka nguruwe kwenye lango la Bunge na kumwaga damu barabarani. (Wabunge hatimaye walizikubali zile 532,500, ila walipewa na ruzuku ya milioni 5 ya kununua gari. Nguruwe walirudi mikono mitupu.) Januari 2015 alikuwa miongoni mwa waliosimama na watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata kuangusha ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wa kuchezea. Polisi waliwarushia watoto wale vitoza machozi, dunia ikaona, na uwanja ukarudi kwa shule.

Kwa hiyo aliposema 2017 kwamba anataka kuingia Bungeni kuisimamia serikali, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba maneno hayo ameyaokota jana. Aligombea kwa tiketi ya Ukweli Party, chama kichanga kilichozaliwa mwaka huo. Pesa za kampeni aliziomba kwa wananchi, michango midogomidogo, na akatangaza waziwazi kwamba hatanunua kura.

Msimamo wake ulikuwa na mguu wa kusimamia, na mguu huo ni Katiba. Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinaorodhesha kazi za Bunge la Kitaifa: kuwakilisha watu, kutunga sheria, kugawa fedha za umma na kusimamia matumizi yake, na kuchunguza mwenendo wa Rais na maafisa wengine wa serikali. Soma kifungu kizima, urudie tena. Hutakuta mahali mbunge anapoambiwa alipe karo, anunue jeneza au agawe jezi. Utumishi kwa jamii, kwa tafsiri hii, ni kuhakikisha zahanati ya serikali ina dawa, ili mgonjwa asilazimike kwenda kumpigia mheshimiwa magoti.

Tafsiri ni sahihi. Sasa ipeleke mtaani.

Nimekaa kwenye kamati za matanga za kutosha kujua zinavyoendeshwa. Jioni ya tatu au ya nne baada ya kifo, watu hukutana nyumbani kwa marehemu au kwenye ukumbi wa karibu. Kuna thermos ya chai, mkate uliokatwa, na mweka hazina mwenye daftari la kurasa mia. Upande wa kushoto majina, upande wa kulia ahadi, pembeni kabisa alama ya aliyeleta. Bili ya hospitali imeandikwa juu, ya mochari chini yake, halafu gari la kusafirisha mwili, sanduku, chakula. Karibu kila daftari nililowahi kuona lina mstari mmoja usiokuwa na jina la mtu. Umeandikwa tu "Mheshimiwa", na mbele yake pengo. Kuna kijana amepewa kazi ya kulijaza, na kwa siku tatu atapiga simu, atatuma ujumbe, atakwenda kusimama nje ya ofisi.

Mgombea anayesema "mimi sitoi kitu" analiacha pengo lile wazi. Anaweza kuwa na sababu nzuri kuliko zote, ila bili ya mochari huongezeka kila siku mwili unapolala pale.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa kawaida. Madaktari wa hospitali za umma walikuwa wamegoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Juni wauguzi nao wakaweka zana chini, na hadi uchaguzi unafanyika tarehe 8 Agosti hawakuwa wamerudi. Mahindi yalikuwa yameadimika. Mei serikali ikaleta unga wa ruzuku, pakiti ya kilo mbili kwa shilingi 90, na wateja wakapanga foleni madukani wakiuziwa kwa kipimo. Mama wa Kariokor aliyetoka kwenye foleni hiyo akakutana na mgombea akamuuliza "umetuletea nini?" hakuwa akiuza nchi. Alikuwa anauliza swali pekee ambalo siasa za Kenya zimemfundisha kuuliza.

Aliyemfundisha ni nani? Hapa ndipo tunapofika kwenye fedha za CDF, yaani mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na hapa nitakaa kidogo.

Kabla ya 2003 kulikuwa na harambee. Mwanasiasa alikuja Jumapili na bahasha, akahesabu noti mbele ya umati, na hakuna aliyemuuliza zimetoka wapi. Mwaka 2003 Bunge likapitisha sheria iliyotenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali na kuzigawa kwa maeneo bunge: robo tatu sawasawa kwa wote, robo kwa kuangalia umaskini. Wazo lilikuwa zuri. Pesa zingefika hadi kijijini bila kupitia kwa waziri na bila kumtegemea Rais. Lakini sheria ileile ilimfanya mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya eneo bunge, isipokuwa akatae mwenyewe. Ni wangapi wangekataa?

Mtu tuliyemwajiri kulinda ghala tukampa na ufunguo wa kugawa nafaka. Waswahili wana msemo wao kuhusu fisi na bucha, sina haja ya kuukamilisha. Sheria ilibadilishwa 2013 na tena 2015, mbunge akasogezwa kando ya meza, angalau kwenye karatasi. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ikasema sheria ya 2013 ilivunja Katiba, na sababu mojawapo ndiyo hii: mbunge hawezi kuwa mtekelezaji wa miradi na papo hapo awe msimamizi wa watekelezaji.

Majaji waliona hivyo baada ya karibu miaka 20 ya mazoea. Katika miaka hiyo ukuta wa darasa ulipakwa rangi, na juu ya rangi likaandikwa jina la mbunge. Mzazi aliyetaka basari, yaani msaada wa karo, alichukua fomu, akaambatanisha nakala ya kitambulisho, cheti cha mtoto na barua ya karo kutoka shuleni, akaenda kwa chifu kugongewa muhuri, akarudisha, akangoja. Jina la mtoto likitokea kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni, shukrani zilikwenda kwa mheshimiwa. Lisipotokea, lawama zilikwenda kwake pia. Hakuna aliyefikiria kwamba pesa zile zilikuwa kodi yake mwenyewe, aliyolipa akinunua sabuni na kiberiti. Na ungemlaumu vipi, wakati fomu aliichukua kwenye ofisi yenye picha ya mbunge ukutani?

Kwa hiyo Mwangi alipofika na hoja ya Kifungu cha 95, hakuwa anashindana na tamaa. Alishindana na taasisi nzima iliyojengwa kwa sheria, yenye bajeti, yenye ofisi, yenye muhuri, inayomwambia mwananchi kila Januari kwamba mbunge ni mtoaji.

Kuna jambo la pili ambalo naona limesahauliwa zaidi. Watu hupokea pesa za kampeni kwa hesabu, na hesabu yao si ya kijinga. Fikiria wewe ni mpiga kura wa Landimawe mwaka 2017. Umechagua mtu, ameingia Bungeni, amelala. Utafanya nini? Katiba, Kifungu cha 104, inasema unayo haki ya kumwita nyumbani kabla muhula wake haujaisha. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilitoa utaratibu: ungoje miezi 24 tangu uchaguzi, usifanye hivyo ukibaki mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mwingine, uwe na uamuzi wa Mahakama Kuu kwamba mbunge ana makosa, kisha ukusanye sahihi za asilimia 30 ya waliojiandikisha. Na mwaka huohuo wa 2017 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikuwa vigumu kupita kiasi na vya kibaguzi. Mahakama ilikuwa sawa. Bunge lilitakiwa kuandika vingine vizuri zaidi. Wabunge gani watakimbilia kuandika sheria ya kujifukuza?

Basi mpiga kura amebaki na siku moja katika miaka mitano. Siku hiyo ikikaribia, mgombea anapita na shilingi mia mbili, au pakiti ya unga, au ahadi ya kulipa bili. Kuchukua sasa ni kukata malipo mapema kwa deni ambalo unajua halitalipwa. Anayekuambia usichukue, ngoja uwajibikaji, anakuomba uamini chombo ambacho kimeshakuangusha mara nyingi. Hii ndiyo sababu sikubali kwamba Starehe ilikuwa vita kati ya maadili na njaa. Waliopokea na aliyekataa kutoa walikuwa wamefikia hitimisho lilelile kuhusu wabunge wa Kenya. Walitofautiana kuhusu la kufanya.

Sheria za kumsaidia mgombea kama yeye zilikuwepo, kwa maana ya kwamba zilichapishwa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inafanya hongo kwa mpiga kura kuwa jinai, na anayepokea naye ana kosa. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya 2013 ilitakiwa iweke kikomo cha matumizi na kuwalazimisha wagombea waonyeshe pesa zimetoka wapi. Ile ya pili Bunge liliisimamisha hadi uchaguzi wa 2017 upite. Ilipofika 2022, kanuni zake bado hazikuwa zimepitishwa. Mgombea anayechapisha michango ya watu wake anapambana na mwenzake ambaye hakuna mtu duniani anayeruhusiwa kumuuliza amepata wapi.

Haya yote ni ya kumtetea. Sasa nimgeukie.

Ninavyoona, Mwangi alikuwa na rekodi ndefu ya uwajibikaji wa kitaifa na rekodi fupi ya uwajibikaji wa mtaani. Kila Mkenya mwenye simu alijua nguruwe na uwanja wa Lang'ata. Lakini Lang'ata haiko Starehe. Walioshangilia nguruwe mwaka 2013 wengi walikuwa wale wa mchana: wafanyakazi wa ofisini, vijana wa mitandaoni, watu wa Rongai wanaopita mjini. Walimpenda kwa dhati, wakamchangia, na tarehe 8 Agosti wakapiga kura kwao. Aliyebaki Ziwani usiku alihitaji mtu atakayemwambia darasa fulani la CDF liligharimu kiasi fulani na mkandarasi ni nani, orodha ya basari ya mwaka jana ina majina mangapi na nani aliipanga, mtaro wa nyuma ya soko umetengewa pesa mara ngapi bila kuzibuliwa. Uwajibikaji wa namna hiyo hauhitaji kuwa mbunge. Unahitaji mtu mwenye subira ya kukaa na faili miaka mitatu kabla ya kampeni, na akija kuomba kura aje na faili hilo mkononi. Angekuwa na jibu la "umetuletea nini?" ambalo si noti wala si mhadhara.

Najua ni rahisi kusema haya nikiwa nimeketi. Mtu aliyekuwa akitishwa maisha na familia yake ikiishi kwa hofu hana muda mwingi wa kufukua faili za mtaro. Hata hivyo, swali la mtaro ndilo lililokuwa kwenye mtihani.

Halafu kuna hesabu ya chama, na hii nitaipita haraka kwa sababu haina siri. Mkenya hupewa karatasi sita siku ya kura. Mwaka 2017 wimbi lilikuwa Jubilee, chama tawala, upande mmoja na muungano wa upinzani wa NASA upande mwingine, na wagombea wa urais walikuwa wakihimiza watu wachague chama kimoja kutoka juu hadi chini. Ukweli Party haikuwa na mgombea urais. Katika jiji ambamo hata jina la mtu husomwa kwanza kama kabila, mgombea asiye na kilima cha kusimamia juu yake anaanza mbio akiwa nyuma.

Kiti kilichukuliwa na mwanamuziki Charles Njagua Kanyi, anayejulikana zaidi kama Jaguar, kwa tiketi ya Jubilee aliyoipata baada ya mvutano mkali wa mchujo na mbunge aliyekuwepo, Maina Kamanda. Steve Mbogo wa ODM, chama kilichokuwa ndani ya NASA, akamfuata, Mwangi akabaki nyuma yao. Jaguar alikuwa maarufu kwa namna ambayo mtaa unaielewa: kijana aliyetoka chini, akafanikiwa, akarudi akionekana. Watanzania huenda wanamkumbuka kwa jambo jingine, maana Juni 2019 alikamatwa na polisi nje ya Bunge baada ya kutoa matamshi ya kuwatishia wafanyabiashara wa kigeni, Watanzania wakiwemo, na serikali ya Kenya ikalazimika kujitenga nayo. Alihudumu kipindi kimoja. Mwaka 2022 Starehe ilimchagua Amos Mwago.

Jambo la ajabu ni kwamba hoja ya Mwangi ilishinda baadaye, mahali palepale, bila yeye kuwa mgombea. Juni 2024 vijana walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za mama, wakauchambua kwenye simu. Namba za wabunge zikasambazwa, watu "wakawasalimia" kwa ujumbe usiokoma, wakiuliza: utapiga kura ya ndiyo au la? Hakuna aliyeomba karo. Tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, na saa hiyohiyo umati ukavuka ua wa Bunge. Watu waliuawa kwa risasi katika mitaa ya wadi ya Nairobi Central. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Siku chache baadaye akatangaza kwamba maafisa wa umma hawaruhusiwi tena kushiriki harambee.

Lakini nilipotazama umati ule niliona tena watu wa mchana. Walikuwa wamekuja na matatu. Ukiuliza kura zao ziko wapi, wangekutajia Kenya nzima. Agosti 2025 Mwangi alitangaza kwamba atagombea urais mwaka 2027, na pengine hilo linaeleweka zaidi ukilitazama kutoka Starehe: katika kura ya urais, yule wa Rongai aliyemshangilia mwaka 2013 anaweza kumpigia kura.

Kura ya Ziwani, Pangani na Landimawe bado inangoja mtu wa faili. Nilikuwa kwenye kamati ya matanga si muda mrefu uliopita. Daftari lilikuwa jipya, thermos ileile. Mweka hazina alipiga mstari, akaandika "Mheshimiwa", akaruka nafasi, akaendelea na majina mengine.